Mstaafu, Dai Hesabu ya Ploti Yako

Tuseme umestaafu na kiinua mgongo chako chote umekitia katika ploti ya kampuni ya ardhi huku Kiplombe, Eldoret. Kila mwezi mnachangia maji na barabara. Ukiuliza hesabu, wakurugenzi wanakujibu, "Subiri, mzee."

Usisubiri! Sheria ya Makampuni ya 2015, kifungu cha 139, inawaruhusu wenye hisa kumwondoa mkurugenzi kwa wingi wa kura, hata kabla ya muda wake kwisha. Lakini lazima notisi maalumu itolewe, naye apewe nafasi ya kujitetea.

Kwa hivyo tunza risiti, hakikisha jina lako limo katika daftari la wenye hisa, na usikose mkutano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.