Farasi wabaki, koti livuliwe

Wasee, kila tarehe 4 Aprili ni video zile zile: Dakar, farasi wanapita, walinzi wa rais wamevaa nyekundu, na komenti zimejaa "Afrika iko juu!" Haya, hilo koti jekundu limetoka wapi?

Ni la Spahi. Hao walikuwa askari wapanda farasi wa Ufaransa, walioanzia Algeria halafu wakaletwa Senegal kupigania ukoloni. Lat Dior, aliyekuwa mfalme wa Cayor, alikataa reli ya Wafaransa ipite kwake. Mwaka 1886 akauawa vitani kule Dékheulé, na waliotumwa kumsaka ni hao hao Spahi. Leo yeye ni shujaa wa taifa, na anayelinda ikulu anavaa nguo za waliomuua. Sasa hapo tunahifadhi mila ya nani?

Najua mtaniambia "ni historia tu, wacha mbio". Sawa, lakini Cayor ilikuwa na wapanda farasi wake, tena wakali. Hata farasi wa Lat Dior, Malaw, jina lake halijasahaulika. Kwa hivyo sisemi farasi wauzwe, zii. Wafugwe vizuri, watoto wawaone. Koti ndilo libadilike, waulizwe mafundi wa huko huko.

Wafaransa walikabidhi kambi yao ya mwisho Dakar Julai 2025. Wanajeshi wameenda, nguo imebaki getini. Na Wakenya msicheke sana: lile gwaride la bendera la Jamhuri Dei ni la Waingereza, hadi miondoko.