Nani Aliyemfungulia Dalali Mlango?

 

Ndugu zetu Waislamu, kila inaponadiwa nyumba katika miji yetu hii ya pwani ya Kenya, iwe ni Mombasa, Malindi au Lamu, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Benki haina huruma. Dalali ana roho ya jiwe. Wageni watatumalizia mji. Na wasemao hayo wana tasbihi mkononi na kahawa mbele yao, na pengine mmoja wao ndiye aliyetia sahihi ya rehani. Mimi simtetei mwenye riba. Riba Mwenyezi Mungu ameitangazia vita katika Suratul Baqara, na baada ya hapo akaamrisha kuwa mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Benki haina amri hiyo katika vitabu vyake. Lakini nauliza: hati ya nyumba ilifikaje benki? Haikwenda kwa miguu yake. Ilitoka ndani ya sanduku la marehemu, na aliyeitoa ni mwana wa marehemu.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji ataona kama ni jirani yake. Amekufa mtu, ameacha mke, watoto wawili wanaume na watoto watatu wanawake, na nyumba moja. Hesabu yake haina taabu hata kwa mwanafunzi wa chuoni. Mke ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume hisa mbili na mwanamke hisa moja. Basi mama ana moja, kila binti ana moja, na kila kijana ana mbili. Jumla nane. Kaka mkubwa, kwa hivyo, katika nyumba ile ana sehemu mbili tu. Sita si zake. Hawezi kuziuza, hawezi kuziweka rehani, hawezi hata kumkaribisha mpangaji ndani yake akala kodi peke yake. Shikeni hesabu hii, kwani ndiyo shina la maneno yangu yote.

Sasa tazama yanayofanyika. Marehemu amezikwa, imesomwa hitima, watu wamelishwa. (Na chakula hicho mara nyingi kimenunuliwa kwa pesa za marehemu, na katika warithi mna yatima asiyeweza kutoa idhini. Wengi wetu masheikh twala na twanyamaza.) Mama yuko edani, miezi minne na siku kumi. Anayethubutu kutaja mirathi huambiwa, "Kaburi la baba halijakauka, wewe wataka mali?" Eda inakwisha, mwaka unapita, na kaburi halikauki. Inapita miaka kumi. Binti akiuliza huambiwa, "Dada yangu, wewe umeolewa, mumeo anakuweka. Wataka kuuza nyumba ya baba utie watu aibu?" Naye kwa haya yake hunyamaza. Na kunyamaza kwa mwenye haya hakuitwi ridhaa.

Wako wanaojitetea kwa kisa cha Abdallah bin Zubair, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake na babake, kwamba naye alichelewesha kugawanya mirathi. Ni kweli, kisa kimo katika Bukhari. Lakini kisomeni chote. Zubair bin Awwam aliacha madeni makubwa na ardhi, pesa taslimu hakuacha. Mwanawe hakuikalia ardhi akaila. Aliiuza ile ardhi ya Ghaba aliyoinunua babake kwa 170,000, akaiuza kwa 1,600,000, akawalipa wenye kudai. Kisha kwa miaka minne, kila msimu wa Hija, akawa anatangaza kwamba anayemdai Zubair na aje alipwe. Miaka minne ilipokwisha akagawanya, na wake wanne wa Zubair wakapata thumni yao. Alichelewesha kwa ajili ya wenye haki. Huyu wetu achelewesha kwa ajili ya tumbo lake. Na jambo jingine la kuangaliwa hapo ni kuwa nyumba au ardhi ikiuzwa na wenyewe, kwa utulivu, huleta bei. Ikiuzwa na dalali huleta makombo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imemtaka mwenye rehani afanye tathmini kabla ya kuuza na atafute bei nzuri iwezekanavyo, lakini nani asiyejua bei za mnadani?

Turudi kwa kaka mkubwa. Biashara imemfika shingoni, au ametaka gari la abiria, au anajenga kwake kwengine. Benki yataka hati yenye jina lake, na hati yasoma jina la baba, au la babu, na nyingine huku pwani zasoma majina ya wazee waliopewa hati chini ya sheria ya mwaka 1908, ambao vitukuu vyao sasa wana mvi. Basi hapo ndipo anapokumbuka mirathi! Kwa siku moja kaburi likakauka. Huenda kwa chifu kupata barua ya kuwataja warithi, na katika barua hiyo mabinti hupungua. Aliyeolewa Unguja hatajwi, na aliyekufa akaacha watoto pia hatajwi. Huja kwa mama na karatasi, "Mama, tia kidole hapa, ni mambo ya korti tu." Mama hatasoma, na atamtilia shaka vipi mtoto aliyemzaa? Dada nao huletewa karatasi ya kukubali kwamba kaka awe msimamizi wa mirathi, nao hudhani wamekubali awasimamie, kumbe baadaye nyumba huandikwa kuwa ni yake.

Msimamizi wa mirathi ni mtu wa amana. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kutoa wasia usiozidi thuluthi, na kumpa kila mtu chake. Hapewi nyumba. Hata sheria ya nchi, katika sura yake ya kusimamia mali ya maiti, ambayo Waislamu nao wamo ndani yake panapokuwa haipingani na sheria yetu, inamhukumu anayeingilia mali ya maiti bila ya idhini kwa faini mpaka shilingi 10,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini ni dada gani atakayempeleka nduguye jela? Yeye alijua hilo kabla hajaichukua hati.

Basi mkopo umepatikana na hauwi kulipika. Benki hutoa notisi ya siku 90. Kisha notisi ya kuuza, siku 40. Na dalali naye hutoa siku 45 za kukomboa. Karatasi hizi humfikia nani? Humfikia aliyekopa, naye huzitia mfukoni. Mama anaendelea kupika, mabinti wanakuja na watoto wao siku ya Idi, na nyumba imekwisha kuhesabiwa siku. Wanaijua habari wanapoona watu wasiowajua wamesimama uani wakitazama boriti.

Hapa nataka wasomaji wazingatie jambo moja. Sheria hiyo ya mwaka 2012 imemlinda mke: nyumba wanayokaa mume na mke haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya yule mwenzake. Kwa hivyo mke wa kaka mkubwa ataulizwa. Mama aliyemzaa kaka hataulizwa. Dada zake hawataulizwa. Kwa nini? Kwa sababu katika hati hawamo. Mke aliyeingia nyumba ile jana ana sahihi, na mwenye thumni yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa hana hata wino. Na hili si kosa la serikali. Serikali hulinda anayeonekana katika daftari, na sisi ndio tuliowaficha mama zetu na dada zetu.

Nasema ni sisi, kwani tukumbuke tulivyopiga kelele. Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972 ilipoanza kutumika mwaka 1981, Waislamu tulilalamika kwamba twatiliwa mgawanyo usiokuwa wa Qur'ani. Yakasemwa mimbarini, zikaandikwa barua, mpaka mwaka 1990 sheria ikarekebishwa na mirathi ya Mwislamu ikarejeshwa katika sheria ya Kiislamu. Na katika Katiba ya mwaka 2010 Kadhi akawekwa katika kifungu cha 170, urithi ukiwa ni katika kazi zake. Taibu, tumeachiwa sheria ya Mungu. Tumeifanyia nini? Mtu akiambiwa mwanamke apewe sawa na mwanamume huruka juu, asema nusu, Mwenyezi Mungu amesema nusu! Kisha hurudi nyumbani, na ile nusu hampi. Huyo hakuitetea Qur'ani. Alikuwa akitetea kabati lake.

Mke wa Saad bin Rabii, sahaba aliyeuawa Uhud, alikwenda kwa Bwana Mtume (S.A.W.) na mabinti zake wawili akamshitakia kuwa ami yao amechukua mali yote. Hakuambiwa anyamaze asivunje udugu. Hakuambiwa kwamba mumeo ni shahidi na kutaja mali ni aibu. Iliteremka aya ya mirathi, na Bwana Mtume akamwita yule ami, akamwamrisha awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, naye achukue kilichobaki. Mwenye kumwambia dada yake kuwa kudai mirathi ni kuvunja udugu, na amtazame mwanamke huyu, kisha aseme nani aliyeuvunja.

Wapo pia wasemao, "Mkopo wangu si wa riba, nimekwenda benki ya Kiislamu." Benki hizo zipo Kenya tangu mwaka 2008 na kuwako kwake ni jambo la kheri. Lakini Bwana Mtume alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Sehemu sita katika nane huna. Mkataba uwe safi namna gani, umeweka rehani mali ya mama yako.

Na kuchelewesha kunazaa hesabu ambayo mwishowe hata Kadhi huchukua kalamu na kuiweka chini. Katika mfano wetu, mama akifa nyumba haijagawanywa, na warithi wake ni watoto hao tu, nyumba yawa sehemu 56. Kila kijana 16, kila binti 8. Binti mmoja akifa akaacha mume, vijana wawili na mabinti wawili, zile 8 zake zagawanyika: mume 2, kila kijana 2, kila binti 1. Sasa mna warithi tisa na wajukuu wengine wako Maskati, wengine Uingereza. Kila mwaka unaopita kumkusanya mtu kwa sahihi huwa kuzito zaidi, na njia fupi ya kaka mkubwa huonekana tamu zaidi.

Wazee nao wasijitoe. Lamu imekuwa ada mzee kumpa binti yake nyumba au ghorofa anapoolewa, na ni ada njema. Lakini humpa kwa mdomo, na hati hubaki kwa jina lake. Hiba ina nguzo zake, kutoa, kupokea na kukabidhiwa. Aliyekabidhiwa na aandikiwe, wangali hai waliosikia. Na mwenye deni, hasa la rehani, na awaambie watu wake angali hai. Deni hutangulia mirathi. Na Bwana Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolichukua yeye. Mzee afichaye notisi chini ya godoro hawasitiri wanawe. Wangejua mapema wangechangishana, au wangeuza wenyewe kama alivyouza mwana wa Zubair.

Na nyinyi dada zetu, msingoje kufikiwa na dalali. Nendeni afisi ya ardhi mkaombe kuangaliwa daftari la nyumba ya baba yenu limeandikwa jina la nani. Ni haki ya kila mtu kuomba, na ada yake si kubwa. Likiwa bado ni jina la marehemu, nendeni kwa Kadhi, hata akiwa mmoja wenu tu yuko tayari, na pelekeni majina ya warithi wote, wa karibu na wa ng'ambo. Likiwa limekwisha kuwa jina la kaka peke yake na hajakopa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mwenye haki katika ardhi kuandikisha zuio, lisifanyike jambo juu ya hati ile mpaka asikizwe. Lifanyeni hilo kabla ya mkopo. Mkingoja mpaka jina la benki liingie katika daftari, kesi yenu haitakuwa tena na ndugu yenu. Itakuwa na benki, nayo ina mawakili.