Mkono Uchuao na Mkono Ujizuiao

Yako maneno mawili niyasikiayo mara kwa mara hapa Mombasa juu ya uchuaji, na yote mawili hayanipendezi. Vijana waliosoma husema ni ujinga wa vikongwe na chupa zao za mafuta ya nazi. Wazee wenzangu nao huapa kwamba hakuna maumivu ya kiungo yasiyoshindwa na mkono wa mchuaji.

Hao vijana niwaulize: mbona wakitajiwa osteopathi, ile tiba ya Kimarekani ya kushika mifupa na misuli, huitikia kwa heshima? Andrew Taylor Still aliianza mwaka 1874 kwa mikono yake, na madaktari wenzake wakimbeza. Mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, jimbo la Missouri. Leo waliohitimu njia yake huko kwao ni madaktari kamili, huandika dawa na kupasua. Na karne nyingi kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kupambanua katika Al-Qanun uchuaji wa nguvu ukazao mwili na wa taratibu uulegezao. Basi bibi wa Mji wa Kale achuaye kiuno kilichokazana hakuzua jambo.

Lakini nanyi wazee, taratibu. Alikuwako mtaani petu bibi mmoja, Mungu amrehemu, ambaye sifa yake kubwa kwangu ilikuwa kukataa. Akiletewa mtoto aliyeanguka mwembeni, kiwiko kimefura, hakutia mafuta, aliufunga mkono kwa kanga usitikisike, akasema, "Mpeleke hospitali, mwanangu, huu si mteguko." Ndivyo ipasavyo. Kiwiko kilichovunjika kikichuliwa, mfupa huweza kuota ndani ya msuli, na mkono usikunjuke tena. Vivyo hivyo shavu la mguu lililofura upande mmoja na kupata moto: yaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na kulikanda ni kuisukuma iende mapafuni. Na mwenye kuumwa na mgongo, miguu ikamfa ganzi na haja ndogo haimtoki, huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Siku hizi wako na wapinduao shingo za watu hadi zikalia "ka!", na kwa malipo. Nani aliyewafunza? Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba ajitiaye utabibu asiojulikana nao ni mdhamini wa madhara yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo imetaka kuwe na chombo cha kusimamia tiba za jadi na mbadala. Nasema tusikae kuingojea Nairobi. Wachuaji wetu waliobakia, wake kwa waume, wakalishwe pamoja na madaktari wa mifupa, na maarifa yao yaandikwe: wapi mkono hupita na wapi husimama.

Yule bibi wa mtaani petu hakuacha mwanafunzi hata mmoja. Wajukuu zake ni makarani, na mtoto akianguka leo hupelekwa kwa yeyote mwenye chupa.