Hiari na Shuruti katika Kivuko cha Likoni

Tarehe 21 Novemba 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alipotangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Disemba mtu asiyekuwa na cheti cha kuchanjwa Korona hatapokewa katika ofisi za serikali, wala mahotelini, wala katika vyombo vya usafiri wa umma, watu wa bara waliipima amri hiyo kwa taabu na nafuu zake, kisha wakaendelea na shughuli zao. Lakini kwa mkazi wa Likoni, ambaye kibarua chake, soko lake, mahakama yake na mara nyingi hata mgonjwa wake wako ng'ambo ya maji, kisiwani Mvita, yaani Mombasa, maneno hayo yalikuwa na uzito mwingine kabisa, kwa kuwa yeye hakuwa na njia nyepesi ya kuifikia riziki yake ila kwa kupanda feri.

Watu wapatao 300,000 hukivuka kivuko hiki kila siku, na mwenda kwa miguu halipi nauli. Wakati ule, aliyetaka kuikwepa feri ilimlazimu azunguke kwa Kinango hata Mariakani, safari ambayo mwenye gari huinung'unikia na asiye na gari haifikirii. Na lile daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 kwa ajili ya kupunguza msongamano uliohofiwa kueneza maradhi, lilipitisha waendao kwa miguu tu, na sehemu tu ya umma huo. Feri basi ni lango ambalo raia halichagui. Na suali ninalotaka kulipima ni hili: je, yafaa lango la namna hiyo ligeuzwe kuwa chombo cha kumshurutisha mtu adungwe sindano?

Nasema mapema kwamba mimi ni miongoni mwa waliochanjwa, na dozi ya nyongeza pia niliipata, wala sina toba ya kuitubia. Huu si waraka wa wapinga chanjo. Lakini naona kwamba shuruti ile ilikuwa dhaifu kwa hoja, na zaidi ya hapo ilikuwa imekosea watu na imekosea mahali.

Wenye kuitetea hawakuwa wajinga, na hoja yao yastahili kuelezwa kwa insafu. Walisema kwamba katika feri watu husimama bega kwa bega, huyu akivuta pumzi aliyoitoa yule, na kwamba uhuru wa mtu juu ya mwili wake hukoma pale unapoanza kumdhuru jirani. Wakatoa mfano wa ndui, maradhi yaliyowaacha mababu zetu na makovu nyusoni, yasing'olewe duniani mpaka mkono wa serikali za kila nchi ulipoingia, na mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida akapatikana Marka, katika pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Ni mfano mzuri. Ila una kasoro moja kubwa: chanjo ya ndui humkinga aliyechanjwa na papo hapo huikata njia ya ugonjwa, kwa hiyo mkaidi mmoja kweli huwa ni tundu katika ukuta wa wote, ama chanjo za Korona, fadhila yao iliyodumu ilikuwa kumwokoa aliyechanjwa na ugonjwa mzito na mauti, ilhali nguvu yao ya kumzuia asiambukizwe wala asiambukize ilipungua kwa kupita miezi, na ikapungua zaidi kilipozuka kirusi cha Omicron, ambacho kiliingia Kenya Disemba ile ile ambayo amri ilikusudiwa kuanza. Yaani hoja ya kumkinga jirani ilidhoofika katika mwezi ule ule iliyotakiwa kusimama kwa nguvu zake zote.

Fauka ya hayo, siku ya kutangazwa kwa amri, ni takriban mtu mzima 1 kati ya 10 nchini ndiye aliyekuwa amekamilisha chanjo. Tisa kwa mmoja! Sheria inayowakuta watu tisa makosani kabla haijaanza ingefaa kwanza ijiulize yenyewe.

Nimesema pia kwamba ilikosea mahali. Watu wa Feri wana kumbukumbu. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya Korona, saa ambazo wafanyakazi walikuwa wakikimbilia kuvuka kabla ya saa moja ya usiku, foleni ilikuwa ndefu, vyombo ni vichache, na masharti ya kukaa mbalimbali yamepunguza idadi ya kupakiwa. Askari wakawashukia kwa virungu na moshi wa kutoa machozi, watu wakalazwa chini wakilaliana, ambapo amri yenyewe iliyokuwa ikitekelezwa ni ya kuwazuia wasikaribiane. Picha zake zilizunguka duniani, na Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi siku chache baadaye. Radhi ni jambo jema, lakini haifuti. Mwaka uliofuata serikali ile ile ilipowanyoshea watu wale wale mkono wenye sindano, si ajabu kwamba wengi walitazama kwanza mkono kabla ya kuitazama sindano.

Na Mji wa Kale wa Mombasa haukuwa na bahati zaidi. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, mitaa yetu ilifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, mtu asiingie wala asitoke kwa siku 15, kisha muda ukaongezwa hata mwanzo wa Juni, na Idi ikatukuta ndani. Kufungwa kwenyewe kungeliweza kupokewa, maana hapana muumini asiyekijua kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab aliyerejea njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, na hadithi iliyosimuliwa siku hiyo kuhusu kutoiingia nchi yenye tauni na kutoitoka. Dini haikuwa kizuizi. Kwa hakika ilikuwa ndiyo mlango ambao watawala wangeliuingia kwa hodi. Lililowatia watu hofu hata wakajificha wasipimwe ni karantini, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo aliyepelekwa huko alitakiwa ajilipie gharama za kuwekwa kwake, na mtu wa kibarua alijua kwamba kipimo kimoja chaweza kumlia akiba ya mwaka. Mtu akikwisha kujifunza kwamba kuja mbele ya tabibu ni kujitia hasarani, somo hilo haliondoki siku ile tabibu anapobadilisha alichoshika mkononi.

Tena lilikuwepo jambo la uchache, ambalo wanaolaumu ukaidi wa raia hulipita haraka. Shehena ya kwanza, dozi zaidi kidogo ya milioni 1 za AstraZeneca zilizotengenezwa Uhindi na kuletwa kwa mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, COVAX, ilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Haukwisha mwezi huo Uhindi, iliyokumbwa na wimbi lake, ikazuia kupeleka chanjo nje, na muda wa kungojea dozi ya pili, uliokuwa wiki 8, ukasogezwa hadi wiki 12. Mimi nilidungwa ya kwanza mwaka huo, mkono ukauma usiku kucha na homa ikanishika hata alfajiri, kisha nikawa miongoni mwa walioambiwa wangoje. Katika zahanati moja ambayo sitaitaja tuliketi tangu asubuhi hata adhuhuri, wengi wetu watu wazima na kina mama wenye bui-bui waliokwisha kuacha sufuria mekoni, tukaambiwa dozi zimekwisha, na aliyetuambia alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliozimaliza. Mtu wa namna hiyo akikosa kurudi, huandikwa katika hesabu gani: ya waliokataa, au ya waliokataliwa?

Uvumi pia ulikuwepo, sikatai. Ilisemwa kwamba sindano hukata kizazi, dhana iliyokuwa na mizizi katika ugomvi wa 2014 baina ya maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya na Wizara ya Afya juu ya chanjo ya pepopunda. Na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, ambako wengi wetu tuna ndugu, zilitufikia hotuba za Rais John Magufuli wa Tanzania akizitilia shaka chanjo za kigeni, mpaka alipofariki Machi 2021, na mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, akachanjwa hadharani tarehe 28 Julai mwaka huo. Naamini kitendo hicho kimoja cha mama yule kukunja mkono wa nguo mbele ya kamera kilifanya kazi zaidi barazani Mombasa kuliko matangazo mengi ya wizara yetu wenyewe. Hakumwamrisha mtu, aliketi akachanjwa.

Ama waliochanjwa kwa wingi na kwa hima katika mitaa yetu walikuwa wenye safari. Saudia ilipoifungua tena Hija kwa mahujaji wa nje mwaka 2022, watu milioni 1 kwa jumla, ilishurutisha wawe wamekamilisha chanjo na wasizidi miaka 65. Na mabaharia, na wenye jamaa Maskati na Dubai, na wanaokwenda kwa watoto wao Uingereza, wote walikuwa na cheti cha kutafuta. Hata hapo cheti kilikuwa na vitimbi vyake, kwani Uingereza ilitupa AstraZeneca kwa hisani Julai 2021, na ilipofika Septemba ikakataa kukitambua cheti cha Mkenya aliyechanjwa AstraZeneca, ikaja kulegeza baada ya makelele. Mtu aliyeyaona hayo hukisia, wala hakosei sana, kwamba kinachotafutwa ni karatasi.

Na hapa ndipo ilipoanguka dozi ya nyongeza. Mwishoni mwa 2021 wizara iliruhusu aliyepitisha miezi 6 tangu kukamilisha aongezewe, na matabibu walikuwa na hoja iliyo nzito, hasa kwa wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu, maradhi yaliyojaa katika nyumba zetu. Lakini mzee mmoja wa baraza letu husema kwamba ya kwanza na ya pili alizipiga kwa ajili ya Makka, na Makka amekwisha kwenda. Shuruti ilimfunza kuwa chanjo ni ada ya mlangoni. Akishapita, kwa nini alipe tena? Ni yeye, mwenye umri wa sabini na kitu na sukari isiyotulia, ambaye dozi ya nyongeza iliwekwa kwa ajili yake.

Mahakama Kuu, kwa agizo la Jaji Antony Mrima la tarehe 14 Disemba 2021, iliisimamisha amri ile wiki moja kabla ya kuanza, na feri ikaendelea kuwapakia watu bila kuwauliza vyeti. Wengine waliuona huo ushindi wa uhuru. Mimi naona ulikuwa ni kivuli cha kazi isiyofanywa, kwani baada ya shuruti kuondolewa hapakuja kitu cha kushika pahala pake kwa nguvu ile ile.

Na kitu chenyewe hakikuwa kigeni wala cha gharama ya kutisha. Mpakuzi wa bandarini na mama muuza samaki hupita Feri kabla jua halijachomoza, na hurejea likikaribia kuzama. Vituo vingi vya afya vya serikali hudunga chanjo kwa saa za ofisi, ambazo ni zile zile ambazo watu hao wako kazini, na siku moja ya kukosa kibarua hulipiwa na nyumba nzima. Dozi ya nyongeza ikitakiwa tena, au chanjo ya maradhi mengine, maana homa ya nyani imekwisha kubisha tangu Julai 2024 ilipogunduliwa Taveta, basi meza yake iwekwe kivukoni, upande wa Likoni na upande wa kisiwani, ifunguliwe tangu baada ya sala ya alfajiri na tena baada ya alasiri hata usiku, iwe na muuguzi wa kike kwa wanaomtaka, na askari wote wakae mbali nayo.