Watalii wakikosa Virunga, Likasi iko tayari kuwapokea?

Kwa miaka mingi, mgeni wa Ulaya ao Marekani aliyetaka kutembelea Kongo katika kikundi kidogo chenye kiongozi alipelekwa Virunga: kuona gorila wa milimani, kupanda Nyiragongo, kiisha kurudi Rwanda.

Njia hiyo ilikatika mara nyingi. Mwezi wa tano 2018, watalii wawili Waingereza walitekwa nyara na mlinzi wa mbuga aliyekuwa nao akauawa. Mbuga ikafungwa mpaka mwezi wa pili 2019. Ikafuata korona, kiisha vita vya M23. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na Kahuzi-Biega nayo ikabaki nyuma ya mstari wa vita.

Kusini ndiko kunaweza kupokea wageni hao. Haut-Katanga ina maporomoko ya Lofoi, ndani ya Kundelungu, yenye urefu wa zaidi ya mita 300. Kuna pia Upemba, mbuga iliyoundwa 1939, ambako punda milia wangali wanaishi. Na Likasi, kilometa kama 120 toka Lubumbashi, itaonyesha nini?

Wengi hapa watajibu: Shinkolobwe, kwa sababu uraniamu yake iliingia katika bomu la Hiroshima. Mimi nasema hapana. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mwaka ule ule ulibomoka na kuua wachimbaji. Kupenyeza wageni pale ni kuwauzia mionzi.

Kuna historia nyingine. Mwezi wa tisa 1961, mji ukingali unaitwa Jadotville, askari wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa walizungukwa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki. Walipigana siku tano, hakuna aliyekufa kati yao, mwishoni wakajisalimisha. Wenzao waliotoka Lubumbashi kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Filamu ya 2016 iliwafanya mashuhuri, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Hoteli, wapishi na madereva waliolipwa walikuwa wa huko.

Kikundi cha watu wanane wakitoka Lubumbashi asubuhi wanaweza kusimama Lufira, kulala Likasi na kuendelea. Lakini bima nyingi za safari hufuata maonyo ya serikali za kwao. Kwenye bariere kila afisa ana karatasi yake ya kuomba. Kupiga picha ya daraja ao kiwanda kunaweza kumfikisha mgeni ofisini, na Likasi ni viwanda tupu! Bila ruhusa moja inayoheshimiwa mpaka Shituru na Panda, kiongozi mwenye akili atapita bila kusimama.

Tena fedha za safari hizi hulipwa mapema, ng'ambo. Kinachobaki kwa mji ni kitanda, chakula na mshahara wa kiongozi wa hapa, kama yupo. Mwenye kusoma mambo ya Waireland atajua jina la kila askari. Je, atajua wakaaji wa mji walijificha wapi zile siku tano? Waliokuwa watoto mwaka ule sasa wamepita miaka 65, na ni wachache walioulizwa.