Tuhesabu Wauguzi Wetu Pamoja

Ndugu msomaji, ukifika hospitalini unatazama nini kwanza? Watu wengi wanatazama nyumba. Wakiona mabati mapya na vitanda vya chuma wanasema, "Hii ni hospitali nzuri." Lakini nyumba haiponyi mtu. Dawa nayo haitoki yenyewe katika chupa na kuingia mwilini mwako. Kinachokusaidia ni mikono iliyofundishwa.

Mikono hiyo haipatikani kwa siku moja. Mihogo unaipanda leo, nawe utaila mwaka ujao. Lakini mwuguzi wa A2 anakaa shuleni miaka minne, na mganga anasoma chuo kikuu miaka sita au zaidi. Kwa hiyo mwuguzi mpya atakayempokea mjukuu wako baada ya miaka minne, inapasa awe ameketi darasani sasa hivi. Je, ni nani amehesabu kama yupo?

Mimi nasema hivi: Leta inahesabu watu wake, Kanisa linahesabu wake, na wenye dispansari za binafsi wanahesabu wao, au hawahesabu kabisa. Kazi ni moja, lakini hesabu ni tatu. Inafaa tuhesabu pamoja, tena tufundishe kwa mpango mmoja.

Tufikiri juu ya mama mmoja anayezaa. Mtoto ametoka salama, lakini damu ya mama haikomi. Damu ya namna hiyo yaweza kumwua kwa muda wa saa mbili. Nani atamsaidia? Kwanza, mkunga anayejua kumchoma sindano ya oksitosini, unite 10, mara tu mtoto anapotoka, bila kungoja kuona damu. Pili, mtu anayetunza frigo, kwa sababu dawa hiyo inataka baridi ya digri 2 mpaka 8. Ikiachwa katika joto siku nyingi inapoteza nguvu, nayo yaonekana kwa macho kama dawa nzuri. Tatu, mtu wa laboratori anayejua kupima damu, ili ndugu wa mama waweze kumpa yao. Nne, mganga anayejua kupasua. Tano, mtu anayejua kulaza mgonjwa usingizi. Akikosekana mmoja, kazi ya wengine yaweza kupotea. Ukiwa na wauguzi kumi wenye diploma ya namna moja, lakini huna mtu wa laboratori, mama yule aweza kufa mbele ya macho ya watu kumi.

Basi, kuhesabu diploma si kuhesabu mikono. Tunapaswa kuuliza: huyu anajua kufanya nini? Tena, anayejua kazi ile anakaa wapi?

Nchi yetu iliona zamani matunda ya kukosa mpango. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, tulikuwa na wauguzi na wasaidizi wa waganga wenye akili na uzoefu mwingi. Lakini chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1954 tu, na wanafunzi wake wa kwanza wa uganga walikuwa hawajamaliza. Waganga wengi wa Ubelgiji walipokimbia, hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa wauguzi. Ndipo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likawapeleka wasaidizi wa waganga Ufaransa ili wamalize masomo yao. Watu wenye akili walikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu miaka mbele.

Baadaye jambo jema lilifanyika. Katika miaka ya 1980 nchi ilianza kugawanywa katika zoni za afya. Zilikuwa 306 mwaka wa 1985, na leo ni 519. Katika zoni moja vituo vingine ni vya Leta, vingine ni vya Kanisa, na zoni nyingine hospitali yao kubwa ni ya Kanisa. Ramani ni moja kwa wote, na ni vizuri sana. Lakini shule hazijaingia vema katika ramani hiyo. Shule za ITM ziko chini ya wizara ya afya, na ISTM ziko chini ya wizara ya vyuo vikuu. Tena Kanisa lina shule zake, na watu binafsi wanafungua zao. Kila shule inapokea wanafunzi wanaoweza kulipa. Kwa hiyo wauguzi wanatoka wengi, na wakunga, watu wa laboratori na watu wa kulaza usingizi wanabaki wachache. Tena wale wengi wanajaa mjini, na kule msituni mwuguzi mmoja anazalisha, anapima damu, anagawa dawa, na kufagia nyumba.

Wengine wanasema, "Kuhesabu ni kazi ya wakubwa wenye vitabu." Sivyo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: tunahesabu kazi kwanza, halafu watu. Kituo kikipokea wagonjwa 40 kwa siku, na kila mgonjwa akihitaji dakika 15, hiyo ni kazi ya saa 10. Mwuguzi mmoja wa saa 8 hawezi kuimaliza, hata akiwa na moyo mwema. Mwaka wa 2016 OMS ilisema kwamba nchi inahitaji waganga, wauguzi na wakunga karibu 445 kwa watu 100 000. Hesabu zoni yako, ujue tuko wapi.

Angalia tena wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu 3 470 waliugua, nao 2 287 walikufa. Kazi ya kuzuia ugonjwa ilihitaji wauguzi upesi, na malipo yake yalikuwa makubwa kuliko ya vituo vya kila siku. Wauguzi wengine waliviacha vituo vyao. Siwalaumu. Lakini malaria haikungoja Ebola iishe, na wanawake hawakuacha kuzaa. Kama hesabu ingekuwa moja, tungejua ni nani wa kuchukua na ni nani wa kuwekwa mahali pake.

Ndugu mwingine atasema, "Kijana ana uhuru wake, aende anakopenda." Ni kweli. Lakini usimfunge mtu kwa maneno matamu tu. Wauguzi wengi wanafanya kazi bila mshahara wa Leta, nao wanakula kutoka feza ya wagonjwa. Mpango usio na mshahara na nyumba ni karatasi tu. Tena nasema kwa wenye dispansari za binafsi: ukimchukua mwuguzi aliyefundishwa na wengine, uwasaidie kufundisha mwingine. Pokea wanafunzi wa kazi za mikono, au toa sehemu ya feza kwa shule. Nasi wa Kanisa tusifiche hesabu yetu kwa Leta, kana kwamba wagonjwa ni mali yetu.

Nehemia hakuanza kwa kupanga mawe. Kwanza aliukagua ukuta usiku, akaona mahali palipobomoka. Ndipo kila watu wakashika sehemu yao. Hata mafundi wa zahabu na watengeneza manukato walijenga ukuta ule ule.

Wewe nawe una sehemu yako. Katika komiti ya afya ya eneo lako, uliza ni kazi gani haina mtu, wala usiulize juu ya mabati peke yake. Ukimpeleka mtoto wako shule ya uuguzi, uliza kama shule ina hospitali, na kama wanafunzi wanazalisha kwa mikono yao chini ya macho ya mkunga. Usidharau masomo ya laboratori wala ya ukunga, ukisema mtoto wako awe mganga tu. Washirika wa kanisa wakipenda kumsomesha kijana, wachague kazi inayokosekana, wapatane naye miaka ya kurudi kutumika kwao, nao wamjengee nyumba kabla hajarudi.

Mwaka wa 2023 Leta ilianza katika Kinshasa mpango wa wanawake kuzaa bila malipo. Ni jambo la kushukuru. Lakini mlango ukifunguliwa, wengi wataingia. Tuangalie basi kwamba ndani watamkuta mtu anayejua kazi.