Ulaji wa Siku Moja

Msimamizi wa kituo cha kupigia kura ni mwajiriwa wa muda. Huomba kazi kwa barua, huitwa kwenye usaili, na akipita jina lake hubandikwa ubaoni. Kwenye ubao mmoja wa kata hapa Dodoma, kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, bwana mmoja aliyenyoosha shati kwa pasi alisoma majina, akatangaza hadi muuza karanga akasikia: "Hawa wamepata ulaji. Unakaa siku moja, unalipwa!" Watu wakacheka. Bwana akarudi ubaoni kutafuta jina lake kwenye orodha ya akiba.

Kicheko hicho ni cha watu wasiojua hesabu. Siku hiyo moja hutanguliwa na mafunzo, kiapo cha kutunza siri, na tamko la kujitoa kwenye chama cha siasa. Dodoma, ambako hata mwenye genge la nyanya ana kadi, tamko pekee lingestahili posho.

Oktoba 29, 2025 vituo vilipangiwa kufunguliwa saa 1 asubuhi. Kwanza sanduku huonyeshwa tupu kwa mawakala wa vyama, ndipo hufungwa kwa lakiri. Halafu ni daftari, karatasi tatu na wino wa kidole, hadi saa 10 jioni. Na aliyekwisha kuingia kwenye foleni hafukuzwi.

Ulaji wenyewe huanzia hapo. Kura huhesabiwa kituoni, mara nyingi darasani, na huko Bahi au Chamwino upepo wa Oktoba huingiza vumbi hata mlango ukiegemezewa dawati. Karatasi hufunuliwa moja moja. Alama ya vema imevuka mstari: wakala huyu anasema kura imeharibika, yule anasema nia iko wazi, na wote wanamkodolea macho msimamizi, mwalimu wa hisabati ambaye hajala tangu alfajiri. Zilizotolewa, zilizopigwa na zilizoharibika zisipolingana, hesabu inaanza upya. Kisha saini, nakala za mawakala, matokeo kubandikwa nje, na kusubiri gari la vifaa.

Uzembe wa maandalizi si mzaha. Mwaka 1995 vituo vya Dar es Salaam vilichelewa kufunguliwa na vifaa vikakosekana. Kura za jiji zima zikafutwa, zikarudiwa Novemba.

Na baada ya kazi yote hiyo, posho ikichelewa, jibu la dirishani wasomaji wa safu hii wanalijua kwa moyo: iko kwenye mchakato.